Chaki ya Fundi

Mguu wangu wa kushoto, njoo tuzungumze.
Miaka arubaini na moja ulinikanyagia cherehani
ghorofa hii hii ya tatu, Kibokoni:
mabuibui, magauni ya arusi,
kanzu za wanaume wasiolipa kwa wakati.
Sikukusikia ukinung'unika hata siku moja.
Leo nakuomba unifikishe chooni tu
wajifanya mgeni.

Tangu niteleze pale kizingiti cha bafu
(hapakuwa na maji wala sabuni, ni wewe uliamua)
sijashuka ngazi.
Hushuka kikapu.
Kamba nimeipitisha kwenye nondo ya dirisha,
noti ndani, mdomo wangu juu wapiga kelele:
"Viazi karai vya hamsini, na ukwaju usinibanie!"
Kikapu hurudi kimeshiba.
Mimi na nyinyi miguu twabaki ndani
twatazamana kama wake wenza.

Ndipo akaja Twahira, mjukuu wangu wa Makadara hospitali.
Sikuona dawa mkononi, wala mashine.
Alisukuma kiti hadi kikagusa ukuta,
akanikunja mikono kifuani kama maiti,
akasema: "Simama."
"Nisishike?"
"Mikono yako hodari, nyanya. Yaifanyia miguu kazi yake."
Kweli. Mikono yangu ina kiherehere tangu utoto.

Siku ile nilisimama mara mbili.
Ya tatu nilirudi kitako, kiti kikalia,
na jirani wa chini akauliza kwa sauti kama nahamisha kabati.

Kila alfajiri, chai ikitokota,
nasimama kwa wewe peke yako,
kidole kimoja tu juu ya sinki.
Sihesabu namba, hunichosha.
Nahesabu ninaowadai:
Bi Shumi, gauni la zari.
Mbwarali, kanzu mbili na kofia.
Marehemu Mwanakhamisi, Mungu amrehemu, na mto wa sofa.
Mwanzo ulitetemeka kwa Mbwarali.
Sasa wafika hadi mtaa wa pili wa wadeni,
na bado wapo.

Kisha nikaitoa chaki yangu ya fundi, ile ya buluu,
nikamwambia Twahira apige mstari sakafuni
toka cherehani hadi dirishani.
Kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole,
ukuta karibu, macho mbele.
Wiki za kwanza nilikuwa napiga bandi,
hatua ndefu, legelege, za kufumuliwa.
Sasa nashona bakia.

Nilikupima pia, kwa siri, kwa futi yangu ya shingoni:
paja inchi kumi na saba na robo.
Mwezi ukapita. Kumi na saba na robo.
Nikakasirika, nikakuita mwizi.
Twahira akacheka mpaka akashika ukuta:
"Nguvu si kitambaa, nyanya."

Jana, baada ya alasiri, tulifungua mlango.
Ngazi za nyumba hii ni thalathini na tatu,
nilizihesabu siku nililetwa bi arusi.
Twahira mbele yangu, mkono wangu kwenye kamba ya ukutani.
Sikutaja wadeni.
Kila ngazi subhanallah moja,
na ile ya kumi na tisa, iliyolika katikati,
nikaipa tatu.

Nje, jua lilinipiga usoni kama mtu tuliyegombana.
Kijana wa viazi alinitazama, asinijue.
Nikasema: "Vya hamsini, na ukwaju usinibanie."
Kijiko kikamkwama mkononi.
"Lo! Kumbe wewe ndiwe kikapu?"
Akanivutia kibao: "Keti, bi mkubwa."

Sikuketi. Nilikula nimesimama,
ukwaju ukinichuruzika hadi kiwikoni,
wewe na mwenzio mkiwa chini yangu, kimya, mkifanya kazi.
Halafu nikatazama juu,
dirisha letu, kamba yaning'inia mtupu,
nikakumbuka:
loo, kuna kupanda.